Tusiyafyeke mazao funika kabla hayajachanua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo, kwa kadiri ninavyozifuatilia makala za kilimo, husemwa nusu na nusu yake ikaachwa. Tunapohimizwa kupanda mazao funika, yaani mimea isiyopandwa kwa ajili ya kuvunwa bali kwa ajili ya kuifunika ardhi na kuilisha kati ya msimu mmoja na mwingine, tunaelezwa habari za rutuba, za mmomonyoko na za magugu, na yote hayo ni kweli. Kisha tunaagizwa tuifyeke mimea hiyo mapema, kabla haijatoa ua. Hapo ndipo ninapopinga. Naamini kwa dhati kwamba zao funika lililokatwa kabla ya kuchanua limefanya nusu tu ya kazi yake, na nusu iliyopotea ndiyo waliyoihitaji nyuki na wadudu wengine wachavushaji, yaani wanaobeba chavua, ule unga wa uzazi wa maua, kutoka ua moja hadi jingine, ambao bila wao baadhi ya mazao yetu yangechanua na kupukutisha maua pasipo kuzaa.

Nianze na udongo wenyewe, maana hoja hii haiwezi kusimama bila huo. Tuna mazoea ya kusema kwamba shamba lililovunwa, likasafishwa na kuachwa tupu, linapumzishwa. Maneno yote mawili, kusafisha na kupumzisha, yana sura nzuri, na kwa sababu ya uzuri huo yametupotosha kwa muda mrefu. Shamba lililo uchi halipumziki. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na linapougonga udongo usiofunikwa huyavunja mabonge madogo yakawa tope laini; tope hilo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia, na jua likishawaka hugeuka gamba gumu ambalo hata mche unaoota hulipasua kwa shida. Mvua inayofuata haizami tena, bali huteleza juu ya gamba hilo na kuondoka na udongo wa juu, ule mweusi wenye chakula cha mimea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba sentimita 2 au 3 tu za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1000 kujitengeneza, na kwamba karibu theluthi moja ya udongo wa dunia tayari imechakaa kwa kiwango cha kati au kikubwa. Marekani ililipata somo hilo kwa uchungu katika miaka ya 1930, pale nyanda zilizolimwa na kuachwa tupu wakati wa ukame ziliponyanyuliwa na upepo zikawa mawingu ya vumbi yaliyofunika miji, na mwaka 1935 serikali yake ikalazimika kuunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo.

Anayeona kwamba natia chumvi afanye jaribio ambalo halihitaji maabara. Achukue mabonge mawili ya udongo yenye ukubwa wa yai, moja kutoka katikati ya shamba lililozoea kulimwa na kuachwa tupu, jingine kutoka ukingoni mwa shamba hilohilo, mahali ambapo nyasi zimekaa miaka kadhaa bila kuguswa na jembe. Ayaanike kivulini mpaka yakauke kabisa. Kisha ajaze maji katika bilauri mbili, aweke kipande cha wavu mdomoni mwa kila bilauri kiasi cha kuzama kidogo majini, na ayaweke mabonge yale juu yake kwa wakati mmoja. Nilipofanya hivyo mbele ya wakulima wenzangu, bonge la katikati ya shamba lilianza kutoa mapovu mara moja, pembe zake zikamomonyoka, na kabla hatujamaliza kusalimiana na waliochelewa lilikuwa limeshuka lote chini ya bilauri kama uji. Bonge la ukingoni lilikaa juu ya wavu, limelowa lakini zima, na maji yaliyokuwa chini yake yalibaki maangavu. Udongo ulikuwa wa aina moja, umetenganishwa na hatua zisizozidi 20, na mvua zilizouangukia zilikuwa zilezile.

Tofauti yao ilikuwa mizizi. Mmea ulio hai hautumii peke yake sukari yote unayoitengeneza kwa nguvu ya jua. Sehemu yake huitoa kupitia mizizini, na kwa sukari hiyo huwalisha bakteria na kuvu wasiohesabika, nao kwa malipo yao huyeyusha madini, huleta maji kutoka mbali na kutoa ute unaozigandisha chembe za udongo pamoja. Nyuzi nyembamba za kuvu huyafunga mabonge madogo kama uzi unavyofunga mzigo. Nyungunyungu hufuata chakula hicho na kuacha njia ambazo mvua huzishukia. Mizizi hai inapokosekana kwa miezi kadhaa, jumuiya hiyo yote hufa njaa au hulala, na gundi iliyokuwa ikiushikilia udongo huliwa ikaisha. Ndiyo maana nasema zao funika si blanketi tu la kuukinga udongo na jua na mvua, ingawa kazi hiyo nayo ni kubwa. Ni mlo unaoendelea kuletwa mezani wakati ambapo zao kuu limekwisha kuondoka.

Mimea ya jamii ya mikunde, kama kunde na maharage, ina zawadi ya ziada, na hii nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Hewa tunayoivuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea, ingawa unaihitaji ili ukue, hauwezi kuitumia naitrojeni hiyo ikiwa hewani. Waroma wa kale walijua kwa uzoefu kwamba shamba lililopandwa lupini, mmoja wa mikunde, na kulimiwa chini hustawisha nafaka, ila sababu haikujulikana mpaka mwaka 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel alipoeleza kwamba vinundu vilivyo kwenye mizizi ya mikunde ndivyo vinavyoinasa naitrojeni ya hewa, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wanaoifanya kazi hiyo. Mkulima anaweza kujionea mwenyewe kama bakteria hao wako kazini. Asiung'oe mmea, kwa sababu vinundu hukatika na kubaki ardhini. Auchimbue kwa koleo pamoja na udongo wake, auoshe taratibu katika ndoo ya maji, kisha akipasue kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha rangi ya waridi au chekundu ndani, kinafanya kazi, na wekundu huo unatokana na protini ya jamii moja na ile inayoipa damu yetu rangi. Kikiwa cheupe huenda bado ni kichanga au bakteria waliomo si wa kufaa, na kikiwa cha kijani au kahawia kimekwisha kuzeeka. Mahali ambapo mkunde wa aina fulani haujawahi kupandwa, bakteria wanaouafiki huenda hawapo kabisa, na hapo mbegu hupakwa bakteria hao kabla ya kupandwa.

Nyasi nazo zina kazi yake. Rai, shayiri, uwele na mtama hushusha mizizi mingi na kuacha mabaki yanayodumu juu ya ardhi, ila zikiachwa mpaka zikakomaa kabisa huwa na kaboni nyingi mno ikilinganishwa na naitrojeni, hata mara 80, ilhali wadudu wasioonekana wa udongoni wanahitaji kiasi cha mara 24 tu ili wale na kushiba. Upungufu huo huufidia kwa kuichukua naitrojeni ya udongoni, na zao kuu linalofuata hukaa majuma kadhaa likiwa na rangi ya njano. Kuchanganya nyasi na mikunde hupunguza tatizo hilo, na mchanganyiko ndio ninaoupendelea mimi, hasa kwa sababu unaturudisha kwenye maua.

Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa bayoanuwai lilitoa tathmini yake kuhusu wachavushaji, na ndani yake kuna takwimu mbili ambazo mara nyingi hunukuliwa moja ikaachwa nyingine. Zaidi ya asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kidogo au kikubwa, uchavushaji unaofanywa na wanyama, wengi wao wakiwa wadudu. Lakini mazao hayo huchangia asilimia 35 tu ya mavuno yote kwa ujazo, kwa sababu nafaka kama ngano, mchele na mahindi hazihitaji mdudu. Nazitaja zote mbili kwa makusudi. Hatutakufa njaa siku nyuki wakitoweka, kama wengine wanavyopenda kutisha. Tutabaki na wanga, na tutapoteza sehemu kubwa ya matunda, mboga za matunda, mbegu za mafuta na karanga za mitini kama korosho, yaani vyakula vinavyobeba vitamini na madini ambayo mwili hauwezi kuyapata katika nafaka peke yake. Hilo linatosha kutufanya tuwajali.

Nyuki tunayemfikiria kwanza ni yule wa mzinga, na huyo ana bahati ya kuwa na mwenyewe wa kumwangalia. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana mzinga, hawana malkia, wala hawana asali ya kuvunwa. Kila jike huishi peke yake, hujenga kiota chake na kuwawekea watoto wake chakula cha chavua iliyokandwa kwa mbochi, yale maji matamu ya maua. Takriban asilimia 70 yao huchimba viota vyao ardhini. Baadhi ni wadogo kuliko punje ya mchele, na mdogo wa namna hiyo hawezi kwenda mbali. Nyuki wa mzinga anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, lakini huyo mdogo huishia katika mamia machache ya mita kutoka kwenye kiota. Maana yake ni kwamba ua lililo katika bonde la pili halimsaidii. Asipolipata shambani au pembezoni mwake, hazai.

Sasa tulitazame shamba la kisasa kwa macho ya mdudu huyo. Zao kuu huchanua kwa pamoja kwa majuma machache, na wakati huo chakula ni kingi kuliko walaji. Kisha maua huanguka yote kwa siku chache, magugu yaliyokuwa yakichanua huuawa kwa dawa, vichaka vya mpakani huondolewa ili trekta lipite, na baada ya mavuno ardhi inasafishwa mpaka inang'aa. Karamu ya majuma matatu ikifuatiwa na njaa ya miezi mitano haiwezi kumlea kiumbe yeyote. Msimu unaofuata mkulima huhitaji wachavushaji, nao hawapo, kwa sababu mama zao walikufa bila kuacha watoto katika ile miezi ambayo shamba lilikuwa likipumzishwa.

Athari yake huonekana wazi zaidi kwenye maboga, matango na jamaa zao. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Maua dume na maua jike hukaa mbalimbali kwenye mmea mmoja, na ua jike hutambulika kwa kiboga kichanga kilicho nyuma ya petali zake. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, haipeperushwi na upepo; sharti mdudu aingie katika ua dume, atoke amejipaka unga wa njano mgongoni, aingie katika ua jike, na afanye hivyo mara nyingi katika saa zile chache za asubuhi. Asipokuja kabisa, kiboga kile hugeuka njano kikasinyaa na kudondoka. Akija mara chache, tunda hukua limepinda, limenenepa upande mmoja na kukonda upande wa pili, kwa sababu mbegu za upande mmoja ndizo zilizorutubishwa. Nimewahi kuelekezwa na mtu aliyetumwa kutushauri, ambaye sitamtaja, niongeze mbolea kwa sababu ya maboga ya namna hiyo, nami nikaongeza, na maboga yakaendelea kupinda. Siku niliyokaa shambani tangu kupambazuka hadi maua yalipofunga, nilihesabu nyuki 4 katika mistari yote niliyoweza kuiona kutoka mahali nilipoketi.

Wanaoshauri kufyeka mapema wana sababu, na nisingependa kuzipuuza. Naitrojeni iliyomo katika majani na mashina ya mikunde hufika kileleni karibu na wakati wa kuchanua, kisha mmea huanza kuihamishia kwenye mbegu. Mashina yakikomaa huwa magumu, yakachelewa kuoza. Mbegu zikikomaa na kudondoka, zao funika lenyewe hugeuka gugu. Mmea unaoendelea kusimama unaendelea kunywa maji. Hoja hizi zote ni sahihi, lakini ukizisoma vizuri utaona kwamba hakuna hata moja inayodai zao likatwe kabla ya ua la kwanza. Zinachodai ni kwamba likatwe kabla mbegu hazijakomaa. Kati ya ua la kwanza na ganda la kwanza lililokauka kuna majuma mawili, matatu, hata zaidi kutegemea mmea, na majuma hayo ndiyo ninayowaombea nyuki. Kwa mikunde mingi, wakati ambapo nusu ya maua yamefunguka bado ni wakati mzuri kwa naitrojeni, na hasara ya kusubiri mpaka hapo ni ndogo.

Anayeogopa kusubiri na shamba zima anaweza kusubiri na sehemu yake. Mimi hufyeka kwa kanda: nakata ukanda mmoja, naruka mwingine, na ule nilioruka naukata baada ya ule wa kwanza kuanza kuchipua tena au baada ya maganda ya kwanza kujaa. Kwa njia hiyo mdudu hapokonywi chakula chote katika asubuhi moja, na matandazo, yaani mabaki ya mimea yanayoifunika ardhi, hushuka ardhini kwa awamu. Wakati wa kufyeka pia una uzito wake. Kufyeka saa nne asubuhi penye jua, maua yakiwa yamejaa nyuki, ni kuwaua kwa panga. Kufyeka jioni au alfajiri kunawaacha salama, isipokuwa nyuki wachache wanaolala wakiwa wameng'ata mashina, nao huamka ukiutikisa mmea.

Uchaguzi wa mbegu ndio unaoamua mengine. Bakwiti, mmea unaotoa mbegu kama nafaka, huchanua majuma 4 hadi 6 tu baada ya kupandwa, na kwa hiyo hufaa pale ambapo nafasi kati ya misimu ni finyu, ingawa mbochi yake hutoka zaidi asubuhi. Faselia na klova, mimea mingine ya kufunika ardhi, hupendwa mno na nyuki wa mzinga. Kunde zina jambo la pekee ambalo wakulima wengi hawalioni: zina vitezi vya mbochi nje ya ua, kwenye vikonyo, na hapo hukusanyika nyigu wadogo ambao watoto wao hukulia ndani ya miili ya viwavi na kuwaua. Nzi wa maua, wale wenye mistari ya njano wanaoelea hewani bila kusogea, huja kula chavua na mbochi, lakini huacha mayai kati ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, na buu mmoja hula vidukari wengi kabla ya kukua. Marejea, mkunde mwingine, huyapunguza makali ya minyoo fundo, minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, katika udongo, na ua lake la njano linahitaji mdudu mwenye nguvu wa kulikandamiza ili lifunguke, kwa hiyo hutembelewa zaidi na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, walewale ambao kwa kutetemesha misuli ya mabawa yao hulitikisa ua la nyanya likamwaga chavua, kazi ambayo nyuki wa mzinga haiwezi. Tahadhari ni lazima hapa: mbegu za aina nyingi za marejea zina sumu kwa mifugo, na mbegu za mukuna, mkunde unaotambaa, nazo si za kuliwa ovyo, kwa hiyo anayelisha wanyama mabaki ya shamba ajue anachopanda.

Lipo jambo moja linaloweza kulibatilisha hili lote, nalo ni sumu. Viuatilifu vya jamii ya neonikotinoidi, ambavyo mara nyingi hupakwa kwenye mbegu, hupanda ndani ya mmea mzima hadi kwenye chavua na mbochi, na huweza kubaki udongoni baada ya zao lililopakwa kuvunwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vitatu kati ya hivyo katika mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Mtu anayepanda zao funika lenye maua kwa mbegu zilizopakwa sumu hiyo, au anayenyunyiza dawa ya wadudu kwenye shamba la jirani upepo ukielekea kwenye maua hayo, amewaandalia wageni chakula chenye sumu, na ingekuwa afadhali asingewaalika.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba zao funika linafaa kila mahali kwa namna ileile. Pingamizi zito kuliko yote ni la maji. Penye mvua chache, mmea unaosimama baada ya mavuno unaweza kuyanywa maji ambayo zao kuu lingeyahitaji, na faida yote ya matandazo ikazidiwa na ukame wa chini. Huko naungana na wanaokata mapema, au wanaopanda zao funika kati ya mistari ya zao kuu likiwa linakomaa, ili lichanue wakati bado kuna unyevu. Hata ukanda mmoja wa pembezoni ulioachwa uchanue ni bora kuliko kukosa kabisa. Kuna pia wale nyuki wa ardhini niliowataja. Shamba lililofunikwa kila inchi kwa matandazo mazito linawanyima mahali pa kuchimba, na jembe linaloshuka sana huvunja viota vyao. Anayewajali aache mahali padogo pakavu, penye jua, pasipofunikwa wala kulimwa, na baada ya muda ataona vitundu vyenye kichuguu kidogo cha udongo laini kando yake.

Gharama nayo ni ya kweli. Marekani, ambako wakulima wengi hupewa ruzuku kwa ajili ya jambo hili, sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilihesabu takriban ekari milioni 18 tu za mazao funika, chini ya asilimia 5 ya ardhi yote ya mazao. Wakulima wale hawakukosa elimu. Mbegu hununuliwa leo, kazi hufanywa leo, na udongo hulipa polepole, mwaka wa tatu au wa tano. Mkulima anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kulilisha shamba ambalo mwakani litakuwa mikononi mwa mwingine, na hapana mafunzo yatakayombadilisha kama mkataba wake haujabadilika. Wenye ardhi wanaosoma barua hii wangefikiria kukodisha kwa miaka kadhaa mfululizo, na kuweka katika mkataba nani atagharimia mbegu za kufunika.

Ninachoomba kwa wanaotufundisha ni kidogo. Wanapotupatia jedwali la mazao funika, pamoja na kilo za mbegu kwa hekta na kiasi cha naitrojeni, waongeze safu mbili: siku ngapi tangu kupanda hadi ua la kwanza, na siku ngapi tangu ua la kwanza hadi mbegu kukomaa. Wauza mbegu waandike hayohayo kwenye mfuko, na waseme wazi kama mbegu zimepakwa kiuatilifu na ni kipi. Mkulima mwenye tarehe hizo mbili anaweza kupanga mwenyewe siku ya kufyeka bila kumhasiri nyuki wala kulichelewesha zao lake.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kwamba uwaalike wasomaji wanaopanda mimea hii wakuandikie tarehe walizopanda, tarehe maua yalipofunguka na wadudu waliowaona, ukazichapishe safu kwa safu. Ili kuanza, za kwangu za msimu huu ni hizi: kunde zilitoa ua la kwanza siku ya 47 tangu kupandwa na marejea siku ya 58, asubuhi ya siku ya 63 nyuki wakubwa weusi walikuwa kwenye marejea kabla umande haujakauka, na nyuki wadogo, ambao majina yao bado najifunza, walikuwa wengi kwenye alizeti za pembezoni. Ukanda wa kwanza nimeufyeka jana jioni. Wa pili bado umesimama.

Wako,

Mkulima na msomaji wa gazeti hili